Soseji yenye chumvi kidogo: fosfeti, nyama ya moto ya machinjioni, au sitreti na wanga?

Ukipunguza chumvi kwenye soseji, shida ya kwanza kujitokeza huwa maji, kabla hata ya ladha. Soseji iliyokuwa imetulia ikiwa na chumvi asilimia 2 inaanza kutoa mchuzi ndani ya pakiti, mafuta yanajikusanya kwenye ncha chini ya ngozi, na ukiikata inamong'onyoka. Mteja hatakueleza kwamba protini hazikushikana. Atasema soseji zako siku hizi zimeharibika, kisha atahamia kwa mwingine.

Kinachoishika soseji ni protini za msuli, hasa mayosini, na hizi haziyeyuki kwenye maji matupu. Zinataka maji ya chumvi yenye nguvu. Nyama ikiwa na chumvi asilimia 1.8 hadi 2, zinavimba, zinatoka kwenye nyuzi, zinayazingira matone ya mafuta, na zikipikwa zinaganda kuwa wavu unaozuia maji. Ukishuka mpaka 1.2, nyingi zinabaki zimelala humo humo ndani ya nyuzi. Anayepunguza chumvi basi ana mambo mawili: atafute kingine cha kuziamsha, au atie kitu cha kufanya kazi kwa niaba yao.

Sababu ya kupunguza inaeleweka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Soseji mbili za gramu 50 zenye chumvi asilimia 2 zina gramu 2 nzima, na hapo hujagusa mkate wala mayai. Afrika Kusini ililifanya jambo hili sheria: kanuni zilitangazwa mwaka 2013, viwango vya kwanza vikaanza kubana mwaka 2016 na vya pili vikali zaidi mwaka 2019, soseji na polony (soseji nene ya kukatwa slesi) zikiwamo. Kwetu msukumo unatoka kwa wanunuzi wenyewe: hoteli yenye wageni wenye presha, jiko la hospitali, mzazi anayesoma lebo.

Nitalinganisha njia nne ambazo mtengenezaji mdogo anaweza kuzifikia. Msimamo wangu nautanguliza ili usome ukijua: anayenunua nyama iliyolala kwenye friji au iliyogandishwa hatapata kitu kinachoishinda fosfeti, yaani chumvi za fosforasi zinazotiwa kwenye nyama ili ishike maji. Anayechinja mwenyewe, au aliye jirani na machinjio, haihitaji. Na anayewauzia wagonjwa wa figo asiiguse.

Fosfeti

Mnyama akiwa hai, aktini na mayosini hushikana na kuachana kwa msaada wa ATP, nishati ya msuli. Akishachinjwa, ATP inakwisha, protini hizo mbili zinang'ang'aniana na nyama inakakamaa. Pairofosfeti inaifanya kazi ile ile ya ATP: inazitenganisha, mayosini inakuwa huru, na hata chumvi kidogo inatosha kuiyeyusha. Juu ya hapo inapandisha pH ya nyama (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua), kwa kawaida kutoka 5.6 hadi karibu 5.9, na nyama yenye pH ya juu kidogo hushika maji zaidi. Inafunga pia madini ya chuma na shaba yanayoharakisha mafuta kuchacha. Kazi tatu kwa gramu 3 au 4 kwenye kilo ya mchanganyiko. Ndiyo maana viwanda vinaipenda.

Lakini fosfeti si moja, na hapa ndipo wengi wanaponunua wasichokijua. Pairofosfeti ya sodiamu, TSPP, ndiyo yenye nguvu kwenye protini tangu dakika ya kwanza, ila inayeyuka kwa shida. Tripolifosfeti, STPP, inayeyuka vizuri zaidi, na vimeng'enya vya nyama huivunja kuwa pairofosfeti. Ndiyo inayopatikana kwa wingi, na kwa soseji ya kusagwa inatosha. Heksametafosfeti huyeyuka upesi na hukamata madini ya maji magumu, lakini peke yake haina nguvu kubwa kwenye protini, kwa hiyo hukaa ndani ya michanganyiko kama msaidizi. Ukiona mfuko umeandikwa tu "fosfeti ya nyama", muulize muuzaji karatasi ya viambato. Asipokuwa nayo, nenda kwa mwingine.

Jambo jingine ambalo haliandikwi kwenye mifuko: STPP ni malighafi ya sabuni ya unga. Ile ya sabuni haikusafishwa kwa ajili ya kuliwa na inaweza kubeba metali zisizofaa mwilini. Jina ni lile lile, unga ni mweupe vile vile, na bei ni ya chini. Nunua tu yenye maandishi kwamba ni ya chakula, ikiwa na namba E 451, na jina la mtengenezaji na namba ya bechi kwenye mfuko wake wa asili. Ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni achana nayo.

Kisheria, Marekani inaruhusu fosfeti isizidi asilimia 0.5 ya bidhaa iliyokamilika. Umoja wa Ulaya unaruhusu gramu 5 kwa kilo, ila inapimwa kama P2O5, kipimo ambacho si sawa na uzito wa unga unaoutia. STPP ina takriban asilimia 58 ya P2O5, hivyo gramu 5 hizo ni kama gramu 8.6 za unga. Aliyesoma mwongozo wa Ulaya na wa Marekani kwa siku moja anaweza kuchanganyikiwa, na kosa likiangukia upande wa kuzidisha, soseji itamwambia: inakuwa na ladha ya sabuni na inavutika kama mpira. Kabla ya kupeleka bidhaa sokoni, angalia kiwango cha TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya) cha aina hiyo ya soseji. Kwa kazi halisi, 0.3 hadi 0.4 inatosha. Inayozidi hapo haiongezi chochote cha maana.

Utaratibu wa kuitia una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kama unatengeneza maji ya kudunga kwenye paja au kidari, fosfeti iyeyushwe kwanza kwenye maji baridi, chumvi ifuate. Chumvi ikitangulia, fosfeti inagoma kuyeyuka na kukaa chini ya ndoo. Maji magumu ya kisima yanaipotezea nguvu kwa kuishikamanisha na kalsiamu. Kwenye soseji ya kusagwa, fosfeti inaingia na steki, chumvi yote na theluthi ya barafu, mashine inazunguka mpaka mchanganyiko unanata mkononi, ndipo mafuta na barafu iliyobaki zinafuata. Mwishoni joto lisivuke nyuzi 12.

Sasa upande usiotangazwa. STPP ni asilimia 31 sodiamu. Chumvi ya kawaida ni 39. Unaposhusha chumvi kutoka 2 hadi 1.2 kisha ukatia STPP 0.4, umerudisha sehemu ya sodiamu uliyoitoa. Ipo tripolifosfeti ya potasiamu isiyo na sodiamu kabisa, na inayeyuka vizuri zaidi, lakini ni ghali na hupatikana kwa kuagiza.

Nyama ya moto

Njia hii ni ya zamani kuliko fosfeti za viwandani. Watengenezaji soseji wa Ujerumani walikuwa wakisaga nyama ya ng'ombe ikiwa bado na joto la mwili, kwa kuwa walijua inanata bila kutiwa kitu. Maelezo yake ni yale yale ya juu: ATP bado imo, nyama haijakakamaa, pH bado iko juu ya 6. Fosfeti ya dukani inajaribu kumrudishia msuli kile alichokuwa nacho saa chache zilizopita.

Afrika Mashariki tuna nafasi ambayo kiwanda kikubwa cha Ulaya hakina. Nyama nyingi kwetu hutoka machinjioni usiku au alfajiri na kufika buchani bila kupita kwenye chumba cha baridi. Tunaiona kama upungufu, na kwa usafi wa nyama ya kuning'inizwa mchana kutwa ni upungufu kweli. Kwa soseji ya chumvi kidogo ni faida, ila inakwenda na saa.

Nyama ya ng'ombe ina saa chache. Ukaguzi wa daktari wa mifugo ukishamalizika na mhuri ukawekwa, steki itolewe mfupani, isagwe na kutiwa chumvi ndani ya kama saa nne tangu kuchinjwa. Ukiwa na kipima pH, ikishashuka chini ya 5.9 umechelewa, itumie kwa kazi nyingine. Kuku wasahau kabisa kwenye njia hii, misuli yao inakakamaa upesi mno. Ikishasagwa na chumvi ikaingia, poza haraka. Nyama iliyotiwa chumvi mapema hivi inabaki na uwezo wake kwa siku mbili hivi kwenye friji, kwa hiyo si lazima soseji itengenezwe alfajiri ile ile.

Hesabu moja inasaidia sana hapa, na inafaa hata kwa anayetumia fosfeti. Soseji ya mwisho yenye chumvi asilimia 1.4, ambayo steki ni asilimia 60 ya mchanganyiko, ikipokea chumvi yote kwenye steki peke yake mwanzoni, steki hiyo inakuwa na chumvi asilimia 2.3. Protini zinaamka kana kwamba hukupunguza kitu. Mafuta na barafu vinakuja baadaye kupunguza makali. Anayemimina vyote pamoja bakulini anaitupa faida hii bure.

Mtego wake ni ng'ombe aliyechoka. Aliyesafirishwa kwa lori kutoka kanda ya ziwa hadi mnada wa Pugu, akachinjwa bila kupumzishwa na kunyweshwa, amekwisha kuchoma sukari ya misuli yake akiwa hai. Nyama yake inabaki na pH ya juu hata kesho yake, nyeusi, kavu, inanata kidoleni. Kipima pH kitakudanganya kwamba ni mbichi ya moto. Inashika maji, ndiyo, lakini inaoza upesi, na kwenye soseji ya chumvi kidogo hiyo ni hatari inayoongezwa juu ya nyingine.

Gharama yake si pesa ya kiungo. Ni kuamka usiku, kuwa na mtu unayemwamini machinjioni, na kuwa na barafu ya kutosha, maana nyama yenye nyuzi 35 inahitaji barafu nyingi kushuka hadi nyuzi 12. Kama kila mara nyama inakufikia saa tatu asubuhi, njia hii si yako.

Sitreti, bikaboneti na wanga

Hawa ni kundi la wanaotaka lebo isiyo na neno fosfeti. Sitreti ya sodiamu, chumvi ya asidi ya limau, inafunga kalsiamu na kupandisha pH kidogo, lakini haizitenganishi aktini na mayosini kama pairofosfeti. Kwa nyama mbichi nzuri inasaidia. Kwa nyama iliyogandishwa miezi kadhaa haiokoi jahazi.

Bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea, inapandisha pH kwa nguvu zaidi kuliko fosfeti, na kwa asilimia 0.3 tu nyama ya kuku inashika maji vizuri sana. Tatizo ni gesi. Ikipata joto inatoa kaboni dioksidi na kuacha vishimo vidogo ndani ya soseji. Kwenye vipande vya kuku vilivyotiwa viungo havionekani. Kwenye polony ya kukatwa slesi vinaaibisha. pH ikipanda sana, rangi nayo inasumbua: nyama iliyoiva inabaki na wekundu kana kwamba ni mbichi, na nitriti, ile inayoipa soseji rangi ya waridi, inafanya kazi polepole.

Kila anayejua kupika makande anajua magadi yanalainisha, na kishawishi cha kuyatia kwenye nyama kipo. Kemia yake ni ya jamii hiyo hiyo. Lakini magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa hubeba floraidi nyingi na kiasi chake hubadilika kutoka bonge hadi bonge. Usiyatie kwenye bidhaa ya kuuza.

Wanga haugusi protini. Wenyewe unasubiri mpaka joto lifike kwenye nyuzi 60 na kitu, unavimba, na kuyafyonza maji ambayo protini zimeyaachia. Wanga wa muhogo tunao, ni nafuu, hauna ladha. Asilimia 2 hadi 3 inazuia mchuzi kwenye pakiti. Ukivuka 5 mlaji anahisi uji mdomoni, na soseji ikikaa kwenye friji inakuwa ngumu. Protini ya soya inafanya kazi karibu na hiyo lakini ina harufu yake na ni kizio kwa baadhi ya watu, lazima iandikwe. Unga wa plazima ya damu unaganda vizuri ajabu, ila kwa soko la Waislamu damu haina mjadala. Mtengenezaji wa Mombasa, Tanga au Unguja asipotezewe muda na muuzaji wa kiungo hicho.

Potasiamu kloridi

Kwa nguvu ya kuyeyusha protini inakaribiana na chumvi yenyewe. Ukibadilisha robo ya chumvi watu wengi hawatagundua, hasa soseji ikiwa na pilipili manga na kitunguu saumu. Ukivuka theluthi unakuja uchungu wenye ladha ya chuma. Kwa mwenye figo dhaifu potasiamu nyingi ni hatari kwa moyo, kwa hiyo lebo iseme wazi.

Sodiamu inayobaki

Nimepiga hesabu ya sodiamu itokanayo na viungo tu, bila ile ya asili ya nyama yenyewe, kwa gramu 100 za mchanganyiko:

| Mchanganyiko | Sodiamu (mg) | Pungufu |
|---|---|---|
| Chumvi 2.0% peke yake | 787 | – |
| Chumvi 1.2% + STPP 0.4% | 597 | 24% |
| Chumvi 1.2% + sitreti ya sodiamu 0.5% | 589 | 25% |
| Chumvi 1.2% + bikaboneti 0.3% | 554 | 30% |
| Nyama ya moto, chumvi 1.4% | 551 | 30% |
| Chumvi 1.2% + tripolifosfeti ya potasiamu 0.5% | 472 | 40% |

Tazama mstari wa tano. Nyama ya moto ina chumvi nyingi kuliko jirani zake, kwa hiyo ladha yake ni nzuri zaidi, na bado sodiamu yake iko chini ya ile ya STPP. Wanaotangaza "chumvi pungufu kwa asilimia 40" huku wametia STPP wanasema kweli kuhusu chumvi. Kuhusu sodiamu wanakwepa.

Wagonjwa wa figo

Fosforasi iliyomo kiasili kwenye nyama na maharage mwili huchukua kama nusu yake. Ile ya fosfeti iliyotiwa huchukuliwa karibu yote. STPP 0.4% inaongeza miligramu 100 hivi za fosforasi kwa kila gramu 100 za soseji. Kwa mtu mwenye afya hilo halitishi: mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 40 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani 2,400 kwa mtu wa kilo 60, kutoka vyanzo vyote. Aliye kwenye dialisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine, huelekezwa abaki kati ya 800 na 1,000 hivi. Kwake soseji mbili si jambo dogo, na lebo nyingi hazitaji fosforasi kwa namba.

Ulaya waliwahi kubishana vikali juu ya hili kwa sababu ya kebabu. Desemba 2017 Bunge la Ulaya lilipiga kura ya kuzuia fosfeti kwenye nyama iliyogandishwa ya doner, ile kebabu inayochomwa ikizunguka kwenye chuma. Kura za kuzuia zilikuwa 373, zilihitajika 376. Zikapungua tatu, na doner ikaendelea kuzunguka.

Ambacho hakuna kati ya hizi kinachokifanya

Fosfeti inarudisha mshiko. Haiirudishi kinga ya chumvi dhidi ya vijidudu, wala sitreti na wanga haviirudishi. Ukishusha chumvi, punguza siku za kuuza ulizoandika kwenye pakiti, pika hadi katikati ifike nyuzi 72, poza haraka, na eneo la kufungia likae mbali na la nyama mbichi. Mlipuko wa listeria, bakteria wa kwenye chakula, wa Afrika Kusini wa mwaka 2017 na 2018, uliofuatiliwa hadi kwenye polony, uliua watu zaidi ya 200. Listeria inazaliana polepole hata ndani ya friji, kwa hiyo baridi peke yake haitoshi.

Kwa hali yako

Unatumia nyama iliyogandishwa, au kuku: STPP 0.3 hadi 0.4, chumvi 1.2 hadi 1.4, na wanga wa muhogo asilimia 2. Usijaribu kushuka hivyo bila fosfeti kwa malighafi hiyo.

Uko karibu na machinjio na unatumia ng'ombe: nyama ya moto, chumvi 1.4, wanga kidogo. Weka kopo la STPP kabatini kwa siku ambazo gari limechelewa, na siku hizo badilisha lebo.

Unauzia hospitali au nyumba za wazee: usitie fosfeti wala potasiamu. Chumvi 1.4, sitreti 0.5, wanga 3, nyama mbichi nzuri, na uwaambie wapishi kwamba itapungua uzito zaidi kikaangoni.

Na kama hujawahi kupunguza chochote, anza kwa kushuka hadi 1.6 bila kutia kitu, chumvi yote ukiipeleka kwenye steki kwanza. Wengi wakifika hapo wanagundua kwamba chumvi yao ya 2 ilikuwa inafidia uchanganyaji mbovu.

Kabla ya kuagiza mfuko wa kilo 25, tengeneza bechi za kilo moja moja kutoka nyama ile ile. Pima gramu 50 za kila mchanganyiko kwenye mfuko wa plastiki unaovumilia joto, funga, tia kwenye maji ya nyuzi 75 kwa nusu saa, toboa, mwaga maji na mafuta yaliyotoka, pima tena. Iliyopoteza gramu 2 au pungufu inafaa. Iliyopoteza 5 itakuaibisha dukani. Kisha zifunge baridi, ziache siku tatu, uangalie mchuzi, ndipo uonje.